Kadi za Sura ya Kumi na Moja

Mwezi uliopita tulimzika Mama Truphena nyumbani kwake Mautuma, na Mwenyezi Mungu anisamehe, kwa sehemu kubwa ya mazishi yale sikuwa nikimfikiria marehemu. Nilikaa safu ya tatu kwenye kiti cha plastiki, kofia yangu kichwani na fimbo katikati ya magoti, na yule aliyeshika kipaza sauti akatangaza kwamba sasa tutamsikiliza mwanafunzi mpendwa wa marehemu kutoka zile siku za hospitali. Akainuka Imelda, tuliyeanza naye kazi. Magoti yanamsumbua kama yanavyonisumbua mimi, lakini alisimama wima na kusoma karatasi mbili bila miwani. Alieleza jinsi Mama Truphena alivyomfundisha kazi ya kuyapa magonjwa namba, jinsi alivyomsimamia, jinsi alivyompeleka Nairobi kusoma. Watu walitikisa vichwa, mama mmoja mbele yangu akajifuta macho. Na mimi, mtu ninayeswali sala zangu zote na kufunga Jumatatu na Alhamisi nikijaliwa afya, niliisikia husuda ileile niliyokuwa nayo nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nikitafuta kosa katika hotuba yake. Nikalipata. Alisema vile vitabu vyetu vya namba vilikuwa na jalada la kijani. Vilikuwa vya buluu.

Nikaona aibu, nikasoma istighfari kimoyomoyo, na bado nikabaki nimefurahi kwamba vilikuwa vya buluu. Ndipo nikajua kwamba lazima niuandike mwaka ule, kwa sababu mtu wa umri wangu akiwa bado anafurahia rangi ya jalada, kuna jambo hajalimaliza.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya jengo la wagonjwa wa nje, katika hospitali moja ya mjini Kakamega ambayo sitaitaja. Kilikuwa kirefu na chembamba. Rafu za mbao zilijaa faili hadi darini, na katikati yake palikuwa na njia za kupita mtu mmoja tu, ukikutana na mwenzako mmoja anarudi nyuma. Dirisha letu liliangalia jiko la hospitali, hivyo tangu saa nne asubuhi chumba kilinuka maharagwe. Mvua za mchana zikianza tulikuwa tukiwasha taa, na Mama Truphena alikuwa akisogeza meza yake mbali na ukuta kwa sababu ya unyevu. Meza zetu mbili, yangu na ya Imelda, zilitazamana. Kwa mwaka mzima nikiinua macho nilimwona yeye, na sikuwa na pengine pa kutazama.

Tulianza kazi siku moja, Januari. Mimi nilitoka Mayoni, kijana wa madrasa aliyekuwa amehifadhi juzuu nyingi za Kurani na aliyejua kwamba watu wanalijua hilo. Imelda alikuwa msichana Mkatoliki, mpole wa sauti, aliyetaka kuwa mtawa kisha akabadilisha nia. Mimi nilimwita Sista kwa kumchokoza, naye akaniita Sheikh. Mama Truphena, mkuu wa chumba, mwanamke mnene wa makamo mwenye kalamu mbili nyweleni, alituketisha mbele yake asubuhi ile ya kwanza.

"Nyinyi ni wawili," akasema. "Mwisho wa mwaka nitapeleka mmoja Nairobi, asome hii kazi miaka miwili, arudi na cheti. Mmoja. Mwingine atabaki na mimi hapa akule vumbi. Sitaki kuona mtu ananibebea mayai nyumbani. Nitaangalia kazi."

Basi tulijua kinachogombewa, tangu siku ya kwanza. Nafasi ilikuwa moja. Kwangu mimi Nairobi ilimaanisha kuwa mtu, na kubaki kulimaanisha kushindwa na msichana aliyekuwa akinong'ona.

Kazi yenyewe nieleze kidogo. Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, au akifariki, faili lake lililetwa kwetu. Daktari alikuwa ameandika juu yake ugonjwa alioutambua, kila daktari kwa maneno yake na mwandiko wake. "Huyu anaandikanga malaria," Mama Truphena alituambia, "yule anaandikanga homa kali, na yule mwingine anaandika kama kuku amekwaruza. Sisi tunapea kila ugonjwa namba moja, ndio mtu wa Kakamega na mtu wa Japani waelewane bila kuongea." Namba ilitoka katika vitabu viwili vinene vya kimataifa. Kimoja kilikuwa faharasa, magonjwa yote kwa mpangilio wa alfabeti. Kingine kilikuwa orodha yenyewe, magonjwa yamepangwa kwa sura kumi na saba, kila ugonjwa na tarakimu zake tatu, kisha nukta, kisha tarakimu ya nne iliyoeleza zaidi: ni wa namna gani, uko wapi. Nane baada ya nukta mara nyingi ilimaanisha namna nyingine inayojulikana. Tisa mara nyingi ilimaanisha daktari hakueleza. Mtu akiumwa na nyoka, jeraha lilikuwa na namba yake na nyoka akawa na yake. Mimi niliupenda mpangilio ule kama nilivyopenda mpangilio wa herufi nilipofundishwa tajwidi. Niliona ulimwengu mzima wa maradhi umewekwa mahali pake, na nikamshukuru Mungu aliyewapa watu akili hiyo.

Lakini palikuwa na kanuni moja aliyoirudia Mama Truphena mpaka tukaichoka. Uanze na faharasa, upate namba, kisha ufungue orodha uithibitishe, usome na maelezo madogo yaliyo juu ya sura, yanayosema nini kimo na nini kimetolewa. "Faharasa inakupeleka tu," alisema. "Orodha ndiyo inakwambia kama umefika. Usiandike namba ya kutoka kwa kichwa. Hata surua. Hata kama umeiandika mara mia."

Kufikia mwisho wa mwezi wa kwanza mimi nilikuwa nikiandika kutoka kwa kichwa. Nifanyeje? Namba ziliniingia zenyewe. Malaria isiyoelezwa, 084.6. Upungufu wa damu usioelezwa, 285.9. Surua, 055. Nilimaliza faili arobaini kwa siku, Imelda kumi na tano. Alifungua faharasa, akafungua orodha, akafuatisha mstari kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza, akauliza swali. "Mama, huyu ameandikiwa kifafa na kuchomeka. Alichomeka kwa sababu alianguka motoni. Tunaanza na gani?" Na Mama Truphena, badala ya kumwambia aharakishe, aliacha kazi yake akavuta kiti karibu naye. Vichwa vyao viliinama pamoja juu ya kitabu. Mimi niligonga mhuri kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Jambo lililonichoma zaidi lilikuwa la chakula. Mama Truphena alituletea chakula cha mchana mara moja kwa wiki, obusuma, yaani ugali, na mboga ya mrenda kwa kawaida, na mara chache ingokho. Siku za kuku alikuwa amempeleka kuku kwa jirani yake Mwislamu amchinje, ili mimi nile bila wasiwasi. Alifanya hivyo mwaka mzima bila kunitajia, nilikuja kuambiwa na jirani mwenyewe. Leo nikikumbuka wema ule macho hunilowa. Wakati ule sikuuona, kwa sababu nilikuwa nikitazama firigisi. Kila mtu wa kwetu anajua imondo, ndiyo firigisi, ni ya nani: ni ya mwanamume, mwenye mji au mgeni wa heshima. Chumbani mle mwanamume alikuwa mmoja. Mara ya kwanza Mama Truphena alifunua sufuria, akachukua firigisi kwa kijiko, akaiweka katika sahani ya Imelda.

"Mama!" Imelda akashtuka. "Hiyo si ni ya Sheikh?"

"Sheikh anakula haraka, hatasikia utamu. Kula wewe, unatafunanga pole pole."

Wakacheka wote wawili. Nami nilicheka, kwa mdomo. Mchana ule wote sikumsemesha mtu, na Imelda alipoomba nimpe raba niliisukuma mezani ikaanguka chini upande wake.

Siku za Ijumaa nilitoka mapema kwenda msikitini, na niliporudi niliwakuta wameshasoma kitu bila mimi. Ijumaa moja ya mwezi huohuo wa kwanza Mama Truphena alikuwa ameitwa ofisini, akamwachia Imelda neno. "Sheikh," Imelda akaniambia, "Mama amesema nikueleze somo la leo. Tumesoma akina mama wajawazito, ile sura ya kumi na moja. Amesema hao..."

"Nimeshaisoma mwenyewe," nikamkatiza.

"Kuna maelezo pale juu, ukiangalia..."

"Sista, nimesema nimeisoma. Wewe maliza hizo kumi na tano zako."

Sikuwa nimeisoma. Imelda akafunga kitabu. Hakurudia tena. Nilitoka kuswali, udhu haujanikauka vizuri, nikamwambia mtu uongo.

Miezi ikapita. Mwezi wa sita Matroni wa wodi ya wazazi, mwanamke mrefu ambaye hata madaktari walimwogopa, aliandika ombi la friji ya kuhifadhia damu, maana wajawazito waliletwa wakiwa weupe midomo na damu ilikuwa ikisubiriwa kutoka mbali. Ombi lilikataliwa. Mambo hayo sisi wa chumba cha faili hatukuyajua rasmi. Yalisemwa kwenye foleni ya chai, na mimi sikuwa msikilizaji wa foleni ya chai.

Mwezi wa saba nilirudi kutoka Jumaa nikamkuta Imelda amesimama kwenye sanduku la kadi. Kila namba ilikuwa na kadi zake, na juu ya kadi tuliandika nambari ya faili, umri wa mgonjwa, matokeo yake, na kwenye pembe herufi za jina la aliyeandika. Mwisho wa mwezi kadi zilihesabiwa, hesabu ikapelekwa juu. Imelda alikuwa anatoa kadi zenye herufi zangu, anaandika nyingine mpya, anazipeleka kwenye droo nyingine na kutia herufi zake. Zangu alikuwa akizichana.

"Unafanya nini na kadi zangu?"

Alishtuka sana. "Naziandika upya."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna mtu. Swaleh, kasome maelezo ya juu ya sura ya kumi na moja."

Aliniita kwa jina langu, si Sheikh. Ningeweza kufungua kitabu. Kilikuwa mezani, hatua mbili kutoka niliposimama. Badala yake niliona jambo lililokuwa limeningoja tangu Januari, kwamba msichana huyu anaweza kuangushwa. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Truphena nikamwambia Imelda anaharibu kadi za hospitali, anachana zangu na kuweka jina lake ili aonekane amefanya kazi nyingi. Nilisema kwa huzuni, kama mtu anayelazimika. Mama Truphena akamwambia Imelda asiguse kadi mpaka aelewe kinachoendelea. Imelda alipelekwa kupanga faili nyuma ya chumba. Nilikula chakula changu vizuri siku ile.

Jumatatu iliyofuata Matroni aliingia. Hakubisha mlango.

"Truphena, wanawake wangu mumewapeleka wapi?"

"Keti kwanza, Matroni."

"Siketi. Wamenijibu ya kwamba hospitali yetu haina wajawazito wenye upungufu wa damu. Eti nusu mwaka mzima nimekuwa na hao wachache tu. Mimi ninawaongezea damu kwa mikono hii! Ripoti imetoka hapa kwako."

Mama Truphena alitoa nakala za ripoti, kisha akavuta droo. Ripoti zilionyesha kadi chache. Droo ilikuwa na kadi tele, mpya, safi, zote za wajawazito, zote na herufi za Imelda. Nilimwona akizipitisha vidoleni na uso wake ukibadilika. Akamwita Imelda.

"Hizi kadi ni zako?"

"Ni zangu, Mama."

"Ulizitoa wapi? Swaleh alisema unachana zake, na ripoti zilikwenda bila hizi. Umezitunga kwa sababu ulisikia Matroni analia kwenye chai?"

Imelda alinyamaza. Mikono yake ilikuwa nyuma, na kwa vile nilikuwa ubavuni mwake nilimwona akijifinya kidole gumba. Neno moja lingemtoa lawamani. Angesema, Swaleh alizikosea, nilizirekebisha. Hakusema. Nami sikusema, kwanza kwa sababu sikujua alichojua, na pili kwa sababu nilifurahi.

"Swaleh," Mama Truphena akasema, "chukua hizi namba za faili. Lete faili zenyewe. Tuone kama hao wanawake wako ama hawako."

Nikachukua toroli nikaingia katikati ya rafu. Faili la kwanza nililitoa bila haraka. Mwanamke, mimba ya miezi saba, upungufu wa damu. Pembeni, kwa penseli nyekundu, 285.9, na chini yake herufi zangu. Nikatoa la pili. Mimba, malaria, 084.6, herufi zangu. La tatu hivyohivyo. Palikuwa na nakala chakavu ya orodha kwenye rafu ya mwisho, ile tuliyokuwa tukitumia kuegemezea faili zisianguke. Nikaifungua sura ya kumi na moja, nikasoma maelezo kwa mara ya kwanza. Mama mjamzito akiwa na malaria haendi kwa malaria. Akiwa na upungufu wa damu haendi kwa upungufu wa damu. Anakwenda kwenye sura ya uzazi, huko ana namba zake, 647.4 na 648.2, ili anayehesabu ajue kwamba huyu ni mama na kuna roho mbili. Mimi nusu mwaka nilikuwa nimewatawanya katika sura za watu wote, na kule walikotakiwa kuhesabiwa hawakuonekana. Nilikuwa mwepesi, ndiyo. Nilikuwa nimewapoteza kwa wepesi mkubwa.

Nilikuwa na raba mfukoni. Naandika ukweli: nilifuta moja. Niliegemea rafu nikafuta 285.9 na herufi zangu kwenye faili la kwanza, nikapuliza mabaki, na karatasi ikabaki na manyoya mahali pale. Nikalishika faili la nne. Lilikuwa la binti wa miaka ishirini na miwili kutoka Mayoni, kwetu. Sikumjua, lakini nilijua njia aliyopita kuja hospitali, mashamba ya miwa pande zote. Alifariki. Nilikuwa nimeandika 285.9 kwenye faili la maiti na kwenda kula. Sikusema wakati ule, na sisemi leo, kwamba namba yangu ndiyo iliyomuua. Alifariki kabla ombi la friji halijaandikwa. Lakini kadi yake ndiyo iliyopaswa kulisemea ombi lile, na mimi nilikuwa nimeinyamazisha. Raba ikaniwia nzito. Nilijua Nairobi imekwenda. Nikasoma A'udhu billahi kwa sauti, nikapakia faili zote, nikaisukuma toroli mpaka mezani.

"Wako wote," nikasema. "Namba za mwanzo ni zangu. Nimekosea mimi. Hili la kwanza nimelifuta sasa hivi, na hilo pia ni langu."

Hata Matroni aliketi.

"Ile Ijumaa Imelda hakukueleza?" Mama Truphena akauliza.

"Alitaka kunieleza. Nilimkataza."

Akachomoa kalamu moja nyweleni, akairudisha. "Na mimi nilipaswa kuangalia, nikaona arobaini kwa siku nikaridhika," akasema, kama anayejiambia mwenyewe. Kisha akasema nami. "Utabaki hapa na mimi, Swaleh. Kila faili utafungua vitabu vyote viwili. Hata surua."

Ripoti zilirekebishwa zikatumwa upya. Friji ilikuja mwaka uliofuata. Kati ya barua ya kukataa na friji yenyewe kulikuwa na miezi, na wodi haikusimama kungoja: akina mama waliendelea kuletwa, na damu bado ilitoka mbali. Imelda alikwenda Nairobi Januari, na mimi nilimbebea sanduku. Nilibaki katika chumba kile mpaka nilipostaafu, vitabu vikabadilika, namba zikaanza kuandikwa na herufi mbele, kompyuta zikaja, na sikuandika namba hata moja kutoka kwa kichwa. Nasema alhamdulillahi kwa kazi ile. Ilinifunza subira kuliko mwalimu yeyote. Lakini kule kukiri hakukuniponya kama nilivyodhani. Nafasi ya Nairobi niliacha kumwonea wivu baada ya miaka michache. Nilichoendelea kumwonea ni ule ukimya wake. Msichana yule alisimama akishukiwa uongo, na hakunitaja. Mimi nilikuwa nimemchongea, yeye akanisitiri. Nilihifadhi Kurani, yeye akafanya inachosema. Kila nilipotaka kujiona mtu mwema, Imelda alikuwa mbele yangu amesimama, mikono nyuma, kimya. Husuda ya cheti huisha. Husuda ya wema ni mbaya zaidi, kwa sababu huwezi hata kumwombea mtu aupoteze.

Kule Mautuma, baada ya kaburi kufunikwa, tuligawiwa wali na nyama, na Imelda akaja na sahani yake akaketi kando yangu chini ya hema. Mvua ilikuwa inaanza.

"Sheikh, umezeeka."

"Na wewe umesahau rangi ya vitabu, Sista. Vilikuwa vya buluu."

Akacheka. "Niliona vile ulikunja uso. Nikajua tu ni kitu nimekosea." Halafu akaiweka sahani chini. "Swaleh, niko na kitu. Mwaka jana nilikuja kumwona Mama akiwa kitandani, nikamwambia. Akaniambia nikwambie na wewe, nisingoje azikwe. Nikangoja."

"Sema."

"Zile kadi. Mimi niliziona mwezi wa pili."

Sikuelewa mara moja.

"Mwezi wa pili, si wa saba. Nilikuwa napanga droo nikaona mama mjamzito kwa malaria ya kawaida, jina lako. Nikaona mwingine. Nikasema nitakwambia. Halafu nikakumbuka vile uliniambia nimalize kumi na tano zangu." Alikuwa anaangalia mikono yake. "Kila siku arobaini, arobaini, na mimi nafuata na kidole. Nilikuwa nakuchukia hiyo haraka yako. Nikasema wacha ziongezeke. Zikiwa nyingi ataanguka na hatainuka. Nikaziacha miezi mitano, Swaleh. Niliposikia kwenye chai friji imekataliwa ndio nikaogopa, nikaanza kuandika zingine."

"Na ile siku ulinyamaza..."

"Ningesema nini? Ningekutaja, Mama angeniuliza niligundua lini. Nilikuwa nangoja tu aniulize. Wewe ukatoka huko nyuma na toroli, ukasema ni zako zote, na hakuna mtu aliniuliza tena kitu."

Nilipiga mahesabu kichwani, sikuweza kujizuia. Kama angesema mwezi wa pili, ripoti zingekuwa sawa kabla Matroni hajaandika ombi lake. Na kama mimi ningesikiliza mwezi wa kwanza, asingekuwa na la kusema. Nitakiri kilichonijia kwanza, maana nimekwisha kukiri mengine: kilinijia furaha. Miaka zaidi ya arobaini, na hatimaye hakuwa juu yangu. Ilidumu kama pumzi tatu. Kisha nikamtazama, bibi mzee mwenye kitambaa cheusi cha msiba, akiwa amelibeba jambo hili tangu usichana wake hadi kwenye kaburi la mwalimu wetu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikutamani kuwa yeye.

"Utanisamehe?" akauliza.

"Langu nimekusamehe. Nami nisamehe kwa kukuchongea. La wale akina mama si letu kusameheana, Sista. Hilo tutaulizwa."

"Tutaulizwa pamoja?"

"Kila mtu peke yake. Lakini nadhani tutakuwa foleni moja."

Akacheka huku machozi yanamshuka, akajifuta kwa ncha ya kitambaa. Mvua ilikuwa imeanza kuingia upande wake wa hema. Nikainuka, nikavuta kiti chake kwa mkono usio na fimbo mpaka kikagusana na changu, na tukala.